Tinti za magari Tabora: giza lianzie nyuma ya dereva

Ukifika kwa fundi wa tinti Tabora mjini, swali la kwanza ni hili: "Bosi, tuweke nyeusi tii au ya kati?" Gari linalala wapi mchana, vioo vya nyuma vilitoka kiwandani na rangi gani, usiku unapita njia zenye taa au za giza, hayo hayaulizwi. Hapo ndipo huduma hii inapopotoka. Mteja kaja kununua ubaridi, anauziwa giza, kisha anaondoka akiamini amepata vyote viwili.

Tathmini hii inahusu karatasi zinazobandikwa na kazi yenyewe ya kubandika, kwa mizani mitatu: joto linalozuiwa, ubora wa ufundi, na kama gari litapita mbele ya askari wa barabarani bila maneno. Kwa kifupi, mikono ya mafundi wengi ni mizuri kuliko ushauri wao. Anayejua mwenyewe anachotaka anaweza kutoka na kazi safi. Anayemwachia fundi achague ataondoka na gari lililofungwa giza pande zote, na karatasi ya bei rahisi itakayogeuka zambarau kabla ya misimu miwili ya kiangazi kwisha.

Mstari uko kwenye gari lako tayari

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inataka gari linaloingia barabarani liwe katika hali salama, na polisi wana mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Askari aliyesimama kituo cha ukaguzi cha barabara ya Nzega anafanya kazi kwa macho. Anataka kumwona dereva: amefunga mkanda au hakufunga, ana simu mkononi au hana, amepakata mtoto au la. Kioo cha mlango wa dereva kikimzuia kuona hayo, mazungumzo yameshaanza vibaya. Faini ya papo kwa papo imezoeleka kuwa Sh 30,000 kwa kosa moja, lakini hasara kubwa zaidi ni kuambiwa uibandue karatasi hapo hapo. Karatasi uliyoilipia inachanwa kwa kucha kando ya barabara, gundi inabaki kwenye kioo, na safari bado ni ndefu.

Magari mengi tunayoendesha, IST, Noah, Alphard, Harrier, Vanguard, Premio, yametoka Japani, na kanuni za Japani zimeandikwa kwenye vioo vyake. Huko, kioo cha mbele na vioo vya milango miwili ya mbele lazima vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Kuanzia mlango wa nyuma kurudi nyuma hakuna kikomo. Ndiyo maana Noah inashuka melini ikiwa na vioo vyeusi nyuma na vyeupe mbele. Wenye gari wengi wa hapa huliona hilo kama kazi iliyoachwa nusu, wanataka fundi "aisawazishe". Si nusu. Kiwanda kimesimama kwenye nguzo ya kati, ile inayoshika mkanda wa dereva, kwa sababu sheria ya kwao inasimama hapo.

Kipimo hicho cha 70 si cha Wajapani peke yao. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya usalama vya magari inatumia 70 kwa vioo anavyovihitaji dereva kuonea. Uingereza inataka 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa milango ya mbele, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985. India ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku karatasi za kubandika zote, hata zile hafifu, ikaacha rangi iliyo ndani ya kioo chenyewe. Marekani kila jimbo lina lake. California ni 70 kwa milango ya mbele, Florida ni 28 tu. Kwa hiyo video ya fundi wa Florida akisifia "35 mbele" haikufai kitu ukiwa Ipuli wala Kiloleni. Anaongea habari za kwao.

Humu kipimo kilichotumika ni 70 kwa mbele. Gari likikidhi hapo, dereva anaonekana mchana hata akiwa kivulini, na hakuna askari mwenye macho mazima atakayesema hamuoni. Kwa anayetaka uhakika kabla ya kutoa fedha, njia nyepesi ni kumwomba fundi kipande cha karatasi hiyo cha ukubwa wa kiganja, kukishikiza kwa maji kwenye kioo cha mlango, kisha kupita ofisi ya RTO (mkuu wa polisi wa usalama barabarani wa mkoa) au kumwonyesha mkaguzi wa magari wa polisi. Dakika kumi tu. Fundi atakayekataa kutoa kipande ameshajieleza.

Na lile neno la "nitakupa risiti, ukisimamishwa nipigie" lipuuze. Risiti inathibitisha kwamba umelipa. Fundi hatoi kibali cha barabarani, na namba yake ya simu haijawahi kukipunguzia kioo giza.

Soma muhuri kabla ya kubandika chochote

Kwenye kona ya chini ya kila kioo kuna muhuri mdogo uliochomwa kiwandani. Huo ndio ufunguo wa kazi nzima, na ni nadra kumwona fundi akiinama kuusoma. Ukiona 43R, kioo kimefuata kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyotajwa juu. Pembeni yake ukikuta herufi V, yaani tano ya Kirumi, kioo hicho kinapitisha chini ya asilimia 70 kikiwa kitupu. Kwenye mfumo wa Marekani, AS1 na AS2 ni vya 70 kwenda juu, AS3 chaweza kuwa chini ya hapo. Ukikuta V au AS3 kwenye milango ya nyuma ya Noah yako, rangi imo ndani ya kioo. Haibanduki, haichubuki wala haigeuki zambarau. Wengi wanalipia karatasi nyeusi juu ya kioo ambacho tayari ni cheusi.

Hesabu yake ni ya kuzidisha, si ya kuchukua namba ya karatasi peke yake. Kioo cha mlango wa mbele kinachoonekana cheupe si cheupe kabisa. Kina ukijani kidogo, na tuseme kinapitisha 78. Ukibandika karatasi iliyoandikwa 70, unapata 0.78 mara 0.70, sawa na 55. Umeshatoka kwenye mstari, ingawa fundi anaapa kwamba kakuwekea sabini. Ukitaka kubaki 70 juu ya kioo cha 78, karatasi yenyewe inatakiwa ipitishe 90. Maana yake, mlango wa mbele unabandikwa karatasi angavu tu, ile ambayo ukisimama hatua tatu hujui kama ipo.

Nyuma hesabu inakwenda hivyo hivyo. Kioo cha kiwandani cha 20 kikiongezewa karatasi ya 20 kinabaki na 4. Mchana utaona kidogo. Usiku, ukirudi nyuma kutoka uwanja wa nyumba usio na taa, huoni kitu, na saidi mira hazikuonyeshi mtoto aliyesimama kando ya gurudumu la nyuma.

Mashine ya kupimia mwanga ni vipande viwili vya sumaku vinavyobana kioo, kimoja ndani kimoja nje, na lazima isome 100 ikiwa hewani kabla ya kuguswa kioo. Usipoiona kwa fundi, simu inasaidia. Pakua programu ya kupima mwanga, simama kivulini wakati mawingu hayachezi, weka sehemu ya kamera ya mbele ya simu igusane na kioo kwa ndani, uso wake ukitazama nje, soma namba. Shusha kioo, acha simu mahali pale pale, soma tena. Ikiwa bila kioo ni 8,000 na kwa kioo ni 5,200, gawanya: unapata 65. Kipimo cha simu kinaweza kukosea kwa pointi kadhaa, kwa hiyo ukipata 68 usibishane, ila ukipata 30 umejua. Futa kioo kwanza; vumbi la Agosti peke yake linakula mwanga.

Karatasi zenyewe

Zipo za aina nne, na zinatofautiana kuliko bei zake zinavyoonyesha.

Ya kwanza ni ya rangi tupu. Hii ndiyo imejaa, kwa kuwa ni rahisi na ni nyeusi. Rangi imechanganywa kwenye gundi au kwenye plastiki, na jua linaivunja taratibu hadi inabaki ule uzambarau unaoonekana kwenye teksi kuukuu. Inanyonya joto badala ya kulirudisha. Gusa kioo kwa ndani saa nane mchana, utaondoa mkono. Kwa gari la kuuza mwezi ujao inatosha. Kwa gari la kutumia, hapana.

Ya pili ina unga wa chuma. Inarudisha joto vizuri na haichakai haraka. Ubaya wake ni mawimbi. Noah na magari mengi ya mtindo huo yana antena iliyochorwa kwenye vioo vya pembeni nyuma, nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia. Ukibandika chuma juu yake redio inaanza kukwaruza, na ramani ya simu nayo inachelewa kujua uko wapi. Redio za Kijapani zenyewe zimetengenezwa kwa masafa ya kwao, nyingi zinaishia 90 za FM, zinahitaji kiongezi cha masafa ili zishike stesheni zetu, usiziongezee mzigo. Kuna pia mng'ao wa kioo cha kujitazamia kwa nje, unaompiga machoni bodaboda anayekuja. Hii haipendekezwi.

Ya tatu ni ya kaboni. Weusi wake ni wa kufifia, hauna mng'ao, haugeuki zambarau na hausumbui redio. Kwa vioo vya nyuma vya gari lisilokuja na rangi ya kiwandani, mfano Premio au IST nyingi, kaboni ya 35 ndiyo chaguo la fedha yenye akili. Juu ya kioo cha 78 inatoa kama 27, watu wa nyuma wanapata faragha, na dereva bado anaona kupitia kioo cha nyuma usiku.

Ya nne ni ya seramiki. Ghali, na ndiyo pekee inayojibu shida ambayo mtu wa Tabora anayo kweli. Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika kwetu ni joto lisiloonekana kwa macho. Karatasi nyeusi ya rangi inapambana zaidi na ule mwanga unaoonekana, seramiki inalikamata hili lisiloonekana. Ndiyo sababu seramiki nzuri inayopitisha 70 inaweza kukaribia kuzuia joto sawa na ile nyeusi ya 20. Mteja wa nyeusi tii hukataa kuamini hadi akae ndani.

Tahadhari moja kwenye seramiki: jaribio la taa. Fundi anawasha taa ya joto, anaweka kipande cha kioo katikati, anakwambia weka mkono. Linavutia lakini linadanganya nusu. Taa ile inatoa sehemu moja tu ya joto la jua, na karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu hiyo itaonekana muujiza. Tena karatasi inayonyonya joto inahitaji dakika kadhaa kabla haijaanza kulitoa upande wa ndani, na jaribio linakatishwa mapema. Namba ya kuuliza ni jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, kwenye jedwali inaandikwa TSER. Chapa zinazojulikana kama 3M na LLumar huchapisha majedwali hayo kwa kila karatasi. Ukiambiwa "inazuia asilimia 99", uliza 99 ya nini. Mara nyingi ni ya miale ya urujuanimno (UV) tu, na hiyo karibu kila karatasi yenye heshima inaifikia, hata angavu.

Miale hiyo nayo si jambo dogo. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati, na tabaka hilo linaizuia sehemu kubwa. Vioo vya milango havina tabaka hilo, vinapitisha. Kwa familia yenye mtu mwenye ualbino, au mtu ambaye ngozi yake imekatazwa jua hospitali, karatasi angavu yenye kinga ya urujuanimno kwenye milango yote minne ni matumizi bora kuliko tinti nyeusi ya nyuma tu, na haigusi mstari wa askari. Ajabu ni kwamba hii ndiyo karatasi ambayo fundi huitaja mwisho, kama anaitaja. Haionekani, kwa hiyo haimtangazii kazi yake barabarani.

Kioo cha mbele kiachwe. Anayetoka Tabora mchana kwenda Kigoma kwa Urambo, Kaliua na Uvinza analipokea jua la jioni usoni, na wapo wanaobandika hafifu kote mbele kwa sababu hiyo. Jua likishazama, karatasi ile ile iko kati yako na ng'ombe anayevuka barabara. Dawa ya jua la mbele ni kuteremsha kinga ya jua ya kichwani, miwani, na kukisafisha kioo cha mbele kwa ndani. Ule utando wa mvuke wa plastiki za dashibodi ndio unaosambaza mng'ao hadi usione. Utepe wa kivuli juu kabisa ya kioo, kama kiwanda kiliuweka, unatosha. Kubandika utepe mpana unaoshuka hadi usawa wa kioo cha kutazamia nyuma ni urembo wa daladala, na kwa dereva mrefu unaficha hata mtu aliyesimama mbali.

Milango ya mbele ina kesi yake kwa mji huu. Tabora ni mji wa baiskeli, na nyingi hazina taa. Kwenye makutano ya mitaa ya ndani dereva humwona mwendesha baiskeli kupitia kioo cha mlango, si cha mbele. Mwenye baiskeli naye anatafuta uso wa dereva ajue kama ameonwa. Kioo cheusi kinawanyima wote wawili.

Mahali pa kubandikia na mikono

Zipo sehemu za aina mbili: anayebandikia chini ya mti na mwenye chumba. Chumba si anasa. Karatasi ikishavuliwa ngozi yake ya kinga, upande wa gundi unavuta kila chembe iliyoko hewani, na kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Tabora ni vumbi. Chembe moja chini ya karatasi inaonekana kama kijipu na haiondoki. Ukilazimika kwa fundi wa chini ya mti, nenda alfajiri kabla ya upepo, ardhi imwagiwe maji, gari lioshwe siku moja kabla ili milango na mipira viwe vimekauka. (Miembe ya Tabora, kwa kuegesha gari, bado ni tinti bora kuliko zote, nayo haijawahi kusimamishwa na askari.)

Angalia upana wa jora. Majora yanakuja kwa upana wa kama sentimita 50, 76, 100 na 152. Karatasi ya tinti husinyaa kwa joto kuelekea urefu wa jora tu, haisinyai kwa upana wake. Kioo cha nyuma kimepinda. Ili karatasi ikae, fundi anaikusanya mikunjo juu na chini, kisha anaisinyaza kwa mashine ya kupuliza joto. Hilo linawezekana pale karatasi imekatwa kwa kulala kwa upana wa jora la 152, kioo kizima kwa kipande kimoja. Mwenye jora la 50 hawezi. Atakuungia vipande viwili au vitatu, na maungio yatakuwa mistari mbele ya macho yako kila ukitazama nyuma. Kwa gari kama IST, nyuma peke yake, jora la 152 linaliwa kama mita moja na nusu hadi mbili. Ukitozwa mita nne, uliza zimekwenda wapi.

Fundi anayejua anaanza kwa nje: anapima na kukata karatasi juu ya kioo upande wa nje, kisha anasafisha ndani. Usafi wa ndani ni wembe mpya, maji na sabuni, mara mbili. Kwenye kioo cha nyuma wembe ni haramu. Zile nyaya nyembamba za kuondolea ukungu zimechorwa juu ya kioo, na wembe ukipita mara moja zimekatika. Maji yawe yaliyochujwa. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha vidoa vyeupe vya kudumu kati ya gundi na kioo. Sabuni ni ya watoto, matone machache kwa lita moja, kwa ajili ya kuteleza tu. Ikizidi, gundi haishiki na karatasi inateleza pembeni siku ya pili. Ikipungua, karatasi inanasa kabla hujaiweka sawa na inakunjika. Mkunjo mkali ukishatokea haunyooki, karatasi hiyo ni ya kutupa. Hapo ndipo utamjua fundi: mzuri anakata nyingine bila kuambiwa, mwingine anasema "itakaa yenyewe."

Kabla maji hayajamwagwa, swichi za vioo kwenye mlango wa dereva zifunikwe taulo kavu. Ni jambo dogo linalosahaulika kila siku, na bei ya swichi nzima ya dereva inaweza kuimeza bei ya tinti.

Unapokagua kazi, shusha kioo nusu. Ukingo wa juu wa karatasi uwe umeachwa milimita moja au mbili chini ya ukingo wa kioo, kwa mstari mmoja ulionyooka. Ikifika ukingoni kabisa itachanwa na mpira. Ikiachwa pengo la kidole, fundi alikata kwa macho. Chini, karatasi izame ndani ya mpira, isiishie juu yake. Kisha tofautisha mapovu. Povu la maji ni laini, lina ukungu, nalo litakauka. Povu la hewa lina ukingo mkali na halitoki. Chembe ya vumbi ni ncha ngumu ukiigusa. Mbili au tatu ndogo kwa kioo kizima, kwenye mji wenye vumbi namna hii, ni kazi ya kukubalika. Kumi mbele ya macho, arudie. Ule ukanda mweupe kando ya kioo cha nyuma, kwenye vidoti vyeusi vya kiwandani, si kosa la fundi: vidoti vimeinuka kidogo, gundi haifiki chini yake. Unapungua, hauishi.

Kama gari lina karatasi kuukuu, bei ya kuiondoa iafikiwe peke yake. Njia salama kwa kioo cha nyuma ni joto na uvumilivu. Gari liegeshwe kioo kikitazama jua, karatasi inyunyiziwe maji ya sabuni, ifunikwe kwa plastiki nyeusi iliyokatwa kwa umbo la kioo, isubiriwe gundi ilainike, kisha ivutwe polepole kuanzia kona. Gundi iliyobaki inatolewa kwa maji ya sabuni na kipande cha plastiki. Fundi anayeshika kisu moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma asimamishwe kabla hajafika kwenye nyaya.

Baada ya kutoka, vioo visishushwe siku tatu hadi nne wakati wa kiangazi, na wiki nzima wakati wa masika, maana unyevu unachelewesha gundi kukauka. Bandika utepe juu ya swichi za nyuma. Abiria hawana kumbukumbu. Ndani vioo visifutwe kwa wiki kadhaa, na vikifutwa iwe kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Dawa ya vioo yenye amonia inaila karatasi ya rangi na kuilegeza kingo. Ukiona kona imeanza kuinuka ndani ya wiki ya kwanza, usiisukume kwa kidole chenye vumbi wala kuitia gundi ya dukani. Rudi kwa fundi siku hiyo hiyo, kona mbichi inalowekwa na kukamuliwa upya kwa dakika tano, iliyokwisha kushika vumbi inabadilishwa kioo kizima.